Tungembakiza Mayele



Kuna kijiwe hapa Msamala, jirani na wanapoegesha bodaboda, ambako kesi ya Fiston Mayele haijafungwa mpaka leo. Kila nikija likizo naikuta inaendelea palepale nilipoiacha. Yanga wakitoka sare tu, atatokea mmoja aseme, "Viongozi wetu walikosea. Tungembakiza Mayele." Basi, asubuhi imekwisha.

Kwa ambao mpira hauwapandi, nieleze kidogo. Mayele alitua Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita ya Kinshasa. Alikaa misimu miwili tu, lakini nchi nzima ikajifunza kutetema. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yeye akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, na kombe tukalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Baada ya hapo akaenda Pyramids ya Misri. Aliyeletwa kuziba pengo, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, hata msimu hakumaliza. Aprili 2024 tukawa Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi mbili bila bao. Mpira wa Aziz Ki ukagonga mwamba ukadundia mstarini (mimi nasema uliingia, na hilo sitalijadili na mtu), tukatolewa kwa penalti. Halafu Juni 2025 likaja la kumalizia: Pyramids wanachukua ubingwa wa Afrika kwa kumfunga Mamelodi yuleyule, na mmoja wa wafungaji siku ile ya mwisho ni Mayele.

"Mmeona sasa?" wakasema kijiweni. Ushahidi umekamilika, viongozi wana hatia.

Likizo hii niliamua kuwatetea viongozi. Nina digrii ya falsafa na huwa sipati pa kuitumia.

Nikawaambia, lugha yetu ina silabi moja ya hatari, nayo ni -nge-. Kwa silabi hiyo mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao anaweza kumwondoa mchezaji Cairo, kumvisha jezi ya kijani na njano, na kumfungisha bao Pretoria, bila kulipa hata nauli. Lakini -nge- ina tabia ya kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyo, na maisha hayaendi hivyo. Ukimrudisha Mayele kikosini, kuna mtu lazima umtoe. Msimu uleule wa kwanza bila yeye, Aziz Ki alifunga mabao 21 kwenye ligi na tukachukua ubingwa. Novemba 2023 tukampiga Simba 5-1, Max Nzengeli akifunga mawili. Je, yangekuwepo hayo kama mipira yote ingekuwa inatafuta kichwa cha mtu mmoja? Hatujui. Wale waliokuwa ofisini mwaka 2023 walikuwa na mshambuliaji anayekaribia miaka 30, ofa ya fedha mezani, na mtu mwenyewe moyo umeshasafiri. Gazeti la Juni 2025 hawakuwa nalo.

Nikaenda mbele zaidi, na hapa naomba mnivumilie. Aristotle anasema hakuna mtu anayefanya shauri juu ya jambo lililokwisha kupita. Mfano wake ni mji wa Troy: hakuna anayekaa leo kuamua kuuteka, umeshatekwa. Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya Summa anapozungumzia wema na ubaya wa matendo, anauliza swali ambalo ni la kijiweni kabisa: je, matokeo ya tendo yanaliongezea wema au ubaya? Jibu lake lina ngazi. Kama matokeo uliyaona mapema, yanahesabiwa. Kama hukuyaona, lakini ni ya aina inayofuata kwa kawaida kutokana na tendo lile, nayo yanahesabiwa. Lakini yale yanayotokea kwa bahati tu, mara moja moja, ambayo mtu hakuweza kuyategemea, hayo hayalifanyi tendo kuwa jema wala baya. Kumuuza mshambuliaji, naye miaka miwili baadaye akawa bingwa wa Afrika kwa kumfunga timu ileile iliyokutoa wewe? Jamani, hiyo ni ngazi ya tatu.

Mmoja akasema, "Lakini Frateri, Mungu alijua." Alijua, ndiyo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 23, Daudi yuko mjini Keila, anamwuliza Mungu: Sauli atakuja huku? Atakuja. Watu wa Keila watanitoa kwake? Watakutoa. Daudi akaondoka, na Sauli akaghairi kuja. Yaani Mungu alimjibu Daudi juu ya jambo ambalo halikutokea kamwe! Wanateolojia wamebishana mno juu ya ujuzi huo. Mjesuiti Luis de Molina aliuandikia kitabu kizima karne ya 16, na ugomvi uliozuka na Wadominiko ukafika mpaka kwa Papa. Ila wote walikubaliana kwamba ujuzi wa -nge- ni wa Mungu. Kijiweni tunaukopa bila kuomba.

Wakacheka, wakasema leo Frateri katufunga. Kwa kweli nilijisikia vizuri.

Ndipo kijana mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake muda wote bila kuchangia, akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo Frateri, na timu ikishinda, hiyo nayo haionyeshi kwamba kocha alichagua vizuri?"

Nilijua anachouliza. Naomba niwaambie na ninyi.

Likizo moja ya nyuma nilikabidhiwa timu ya vijana kwa ajili ya mashindano. Si timu kubwa, jezi zenyewe tulizipata wiki ya mwisho. Upande wa kushoto nilikuwa na vijana wawili na nafasi moja. Huyu wa pikipiki alikuwa bora. Asiyejua mpira angeliona hilo kwa dakika kumi. Yule mwingine alikuwa mzuri wa kawaida, na mjomba wake ndiye aliyetununulia jezi. Hakuna aliyeniambia nimchague. Mjomba hakusema neno hata moja. Niliwaza tu mwenyewe, usiku, kwamba mwakani tutahitaji mipira. Asubuhi nikamwambia huyu kijana kwamba namwacha kwa sababu alikosa mazoezi siku mbili. Ni kweli alikosa, alikuwa shambani kwao wakivuna mahindi. Ila kuna beki niliyempanga ambaye alikosa siku tatu.

Tukashinda fainali 2-1, na krosi ya bao la pili ilitoka kushoto, kwa mpwa wa mwenye jezi. Watu wakanibeba. "Frateri una jicho!" Nami nikaamini nina jicho. Matokeo yalipaka chokaa ukuta wote, hata mimi niliyejua nyufa zilipo nikazisahau.

Kijana huyu baada ya hapo alipotea. Kwaya aliacha, na Jumapili nikawa simwoni. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu, maana hapo nami nitakuwa nimeshika -nge- na kujihukumu kwa ujuzi wa Mungu. Huenda angeacha tu. Mambo ya vijana yana mizizi mingi. Lakini angalieni jinsi hoja yangu ya kijiweni ilivyogeuka. Niliitumia kuwafuta hatia viongozi wa Yanga: msihukumu kwa matokeo, hukumuni kwa walichokijua na walichokikusudia siku ile. Sawa. Mimi siku ile nilijua nani bora. Nilikusudia mipira ya mwakani. Na nilitoa sababu ambayo ilikuwa kweli mdomoni na uongo moyoni. Hapo hata tungefungwa kumi au tungeshinda kumi, ni kitu kilekile.

Nimekuwa nikiifikiria tena ile habari ya Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, nafasi ya Yuda inapojazwa. Majina mawili, Yosefu aitwaye Barsaba na Mathiya. Kabla ya kupiga kura wanamwomba Bwana kama mwenye kuijua mioyo ya watu wote. Zamani nilidhani wanazungumzia mioyo ya wale wagombea wawili. Siku hizi naona ombi lile linafika mpaka kwa wapiga kura wenyewe: ukisema mbele ya watu kwamba Bwana anajua mioyo, na wako umeuweka wazi. Kura ya bahati haina mjomba. Barsaba baada ya hapo hatajwi tena katika Maandiko, na mimi nikisoma pale humwona kijana wa wingi wa kushoto.

Huyo Tomaso wangu, anapotaja sehemu za busara, anaanza na kumbukumbu. Nilipokuwa darasani nililikariri hilo kwa ajili ya mtihani: memoria, kisha zinazofuata. Sasa naona kwa nini inatangulia. Kurudi nyuma si ujinga, kama nilivyowaambia kijiweni kwa mbwembwe. Kuna kurudi nyuma kwa ajili ya kupanga upya kikosi cha jana, na huko hakuna kitu. Na kuna kurudi nyuma kutafuta nilikuwa nawaza nini usiku ule kabla ya kutaja majina. Huko pa kurudi papo, hata kama kombe liko kabatini.

Siku ile sikumjibu mbele za watu. Nilisubiri kijiwe kipungue, nikamfuata alipokuwa anafuta vumbi kwenye taa ya pikipiki. Nikamweleza yote, mjomba, mipira, yule beki wa siku tatu. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa "yameisha hayo, Frateri".

Akaendelea kufuta taa. "Nilijua siku ileile," akasema. "Beki alikuwa analala kwetu."

Abiria akaja, anakwenda Lizaboni. Akamuuliza nauli anayo, akawasha, wakaondoka.