Kikapu cha Mchanganyiko

Mitumbwi inaposhusha samaki Msimbati, kaskazini ya mlango wa Ruvuma, mchambuzi hana maneno mengi. Changu kando, tasi kando, pono kando. Wasio na fungu hutiwa katika kikapu kimoja na kuuzwa kwa jina la mchanganyiko.

Watunzi wa lugha za kompyuta nao wana kikapu hicho. Mwandishi wa programu huorodhesha maumbo anayoyatarajia. Data ikishuka, hupimwa kuanzia juu, na umbo la kwanza linaloafikiana nayo ndilo linaloitwaa. Chini kabisa huwekwa alama ya kistari, kwa maana ya chochote kilichosalia. Lugha za ukoo wa ML zinayo tangu zamani. Python iliipokea mwaka 2021, katika toleo la 3.10.

Je, ni haki kumpa mwandishi kistari hicho? Rust huikataa programu iliyosahau umbo mojawapo, nao ni ukali wenye heshima ndani yake. Ila kistari kikishawekwa, ukali hunyamaza: kesho likizaliwa umbo jipya, litatumbukia kikapuni na hapana atakayeshtuka. Kukiondoa nako si dawa, kwani nani awezaye kuorodhesha kila neno ambalo mtu ataliandika? Na Python, kistari kisipokuwapo, data isiyo na umbo lake huachwa ipite kimyakimya, kana kwamba haikufika.

Kupita hivyo Wamakonde wanakujua. Kwao ni kingo zote mbili za Ruvuma. Wako waliokwenda Kenya, wengi wao kutoka upande wa Msumbiji, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakajukuu, na orodha ya makabila ya nchi haikuwa na jina lao. Hawakufukuzwa, hawakuhesabiwa. Oktoba 2016 walishika njia kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43.

Kwa hiyo kistari na kibaki, lakini kiwe kizito kuandikwa kuliko maumbo mengine, pengine kwa kumlazimisha mwandishi ataje anaowatia humo. Wepesi wake ni faida ya mchambuzi peke yake. Mama wa Mikindani anunuaye mchanganyiko huumwaga wote katika sinia na kuanza kuchambua upya, maana bunju naye hana fungu sokoni.