Nani Aliyeleta Misumari?

Mwaka 1845 mwandishi Henry David Thoreau alijenga nyumba ndogo kando ya bwawa la Walden, nje kidogo ya mji wa Concord, Massachusetts. Upana wake ulikuwa futi 10, urefu futi 15. Gharama aliziandika hadi senti ya mwisho: dola 28 na senti 12 na nusu, na kati ya hizo misumari ilikula dola 3.90. Hesabu hiyo ina utamu wake, maana inaibua swali ambalo wapenzi wa maisha ya kujitosheleza huliruka upesi. Anayejitosheleza anapata wapi misumari?

Shoka aliliazima. Mbao alizipata kwa kununua na kubomoa kibanda cha James Collins, Mwairishi aliyefanya kazi kwenye reli. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, na siku ya kusimamisha fremu marafiki walifika kutia mkono. Wakosoaji wamemsuta kwa hayo miaka nenda miaka rudi, lakini wanamwonea: ni yeye mwenyewe aliyeyatangaza.

Richard Proenneke ni mfano mgumu zaidi. Fundi huyu wa mitambo ya dizeli, aliyekwisha kupita miaka 50, alikata magogo huko Twin Lakes, Alaska, mwaka 1967, akayaacha yakauke, akarudi 1968 kujenga. Hakutumia mashine. Vyuma vya zana alikuja navyo, mipini akaichonga huko huko. Bawaba za mlango zilikuwa za mti, na madebe ya petroli aliyakata yakawa beseni na vyombo vya kuhifadhia chakula. Aliishi hapo takriban miaka 30, kwenye baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukitafuta mtu aliyeikaribia ndoto yenyewe, ni huyu. Hata hivyo, chini ya udongo na mimea ya paa lake kulikuwa na karatasi ya lami na nailoni, na rubani Babe Alsworth alimletea barua na vyakula kwa ndege. Debe nalo halioti msituni.

Je, kujitosheleza ni uongo, basi? Aristotle, katika maandishi yake ya maadili, alipoeleza hali ya kutopungukiwa na kitu hakumwazia mtu wa peke yake. Alimhesabu pamoja na wazazi, watoto, mke, marafiki na raia wenzake. Kwa kipimo hicho ndege ya Alsworth haimtii Proenneke doa. Alichokipata mtu huyu porini ni kujua kila alichokitegemea na namna kilivyomfikia. Mkazi wa mjini hubonyeza swichi asijue ni maji ya mto gani yaliyozungusha mtambo, wala nani aliyepanda nguzo usiku wa mvua. Kule kibandani kila deni lina jina.

Liko jambo jingine ambalo simulizi za magogo na maziwa hulipita haraka, nalo ni hiari. Thoreau aliondoka Walden mwaka 1847. Proenneke naye aliondoka, akiwa na miaka 82. Familia ya kijijini Kenya au Tanzania inayoishi nje ya gridi ya taifa kwa kawaida haikuchagua, nguzo hazikuifikia. Taa ni ile ile ndogo, maji ni yale yale ya kuteka, lakini maisha hayo hakuna anayeyaita falsafa.

Tangu 2012 kampuni ya M-KOPA imeuza nchini Kenya mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Mtambo una laini ya simu ndani yake. Malipo yakikatika, huzimwa kutoka mbali. Hakuna waya wa umeme unaoingia nyumbani, ila mnara wa simu na mkopo vimeingia. Katika kujua wanachokitegemea, wenye taa hizo hawana la kujifunza kwa Thoreau: bei wanaijua kwa siku. Walichokosa ni uwezo wa kusema basi bila kurudi kwenye kibatari na moshi wake, na kwa mama mwenye watoto wanaosoma usiku hilo haliwi hata swali.