Jino Lisilouma

Wahenga walisema: Jino la pembe si dawa ya pengo. Msomaji kijana, methali hii fupi yabeba swali refu. Je, kitu imara kisicho na uhai chaweza kushika mahali pa kilicho hai?

Mfikiri mtoto wa Kisii au Nyamira ateremkaye mlima mbio, akajikwaa, akavunja jino la mbele. Ndani ya jino mna nyama laini, mishipa ya damu na neva, na njia yao ni tundu dogo lililo nchani mwa mzizi. Nyama hiyo ikifa, daktari huiondoa na kuziba nafasi yake. Jino husimama, hutafuna, wala haliumi. Lakini halisikii baridi wala moto.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa wamepata seli shina, yaani chembe changa ziwezazo kugeuka kuwa za aina mbalimbali, ndani ya meno ya utoto. Yale yale ambayo watoto wetu wengi huyarusha juu ya paa. Mwaka 2018 madaktari wa China walieleza kuwa wametia seli hizo katika meno yaliyoumia ya watoto. Mishipa ya damu ilichipuka tena, na hisi ikarudi. Matibabu hayo yangali yakichunguzwa.

Lakini hisi ikirudi, maumivu nayo yaweza kurudi. Ya nini kumrudishia mtu uwezo wa kuumia?

Sisemi kuwa maumivu ni mema. Jino liumalo usiku humnyima mwanafunzi usingizi na masomo. Wala Abagusii hawakuyabembeleza maumivu: mabingwa wao walioitwa ababari walipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa, ili kumtuliza aliyeumwa kichwa baada ya pigo. Walitafuta kuondoa dhara. Hawakutaka kuiua hisi.

Maumivu ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Jino lisilosikia laweza kuoza kimya, mwenyewe asijue mpaka limekatika.

Moyo nao ni vivyo hivyo. Ipo siku utashawishika kuufanya mgumu, usiumie kwa njaa ya jirani wala kwa aibu ya kosa lako. Utapata raha, lakini itakuwa raha ya jino la pembe.