Bunduki Iliyo Darini

Mama mmoja ajua ya kuwa mwanawe ameficha bunduki darini. Kijana hutoka usiku na kurudi alfajiri, na kukicha ng'ombe wa jirani hawaonekani. Je, mama huyo akienda kwa wazee na kusema, amemsaliti mtoto wake?

Swali hili si geni katika nchi ya Musoma, Bunda na Butiama. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, baadhi ya silaha hazikurudi ghalani. Ziliangukia mikononi mwa wezi wa mifugo mkoani Mara, kwao Mwalimu Nyerere mwenyewe aliyeiongoza nchi katika vita hivyo, na wizi uliokuwa wa mishale na mikuki ukawa wa risasi. Upande wa Bunda, unaopakana na Hifadhi ya Serengeti, yako pia magobole ya majangili. Vijana ndio waendao kuiba, na vijana ndio watumwao kufuata nyayo za ng'ombe. Hukutana porini, rika kwa rika.

Watu wa Mara hawakukaa bure. Sungusungu, iliyoanza Usukumani na Unyamwezini mapema katika miaka ya 1980, ilifika huko. Wakurya walikuwa tayari na baraza lao, iritongo, ambamo mwizi hutajwa mbele ya ukoo wake mwenyewe. Mwaka 1989 sheria ya nchi ikaitambua sungusungu. Lakini hapana budi kusema kweli: mahali pengine watu walipigwa kabla ya kusikilizwa. Mama aogopaye kwamba mwanawe atapigwa hata kufa, twamlaumuje akinyamaza?

Siri ya kitubio haifunguliwi kamwe. Juu ya siri nyingine, Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba hazimfungi mtu kinywa, iwapo kunyamaza kwake kutaleta madhara makubwa kwa jumuiya au kwa mwenzake. Basi mama huyu yampasa aseme. Na roho ya mwanawe ni mojawapo ya zile ambazo ukimya wake waziweka hatarini, kwani aendaye na bunduki leo, kesho hungojwa kwa bunduki.

Hata hivyo, tukimtaka aseme, na tumfungulie mlango. Mwaka 2022, katika miezi ya Septemba na Oktoba, Serikali ilitangaza kwamba asalimishaye kwa hiari silaha isiyo halali hatashitakiwa. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka, hata mwaka 2030, kwa kazi hiyohiyo. Kwa njia ya namna hii mama aweza kuitoa bunduki na kubaki na mtoto. Jumuiya ndogondogo zetu, zinazojua kumsindikiza maiti, zijifunze na kumsindikiza mama huyo hadi kituoni.

Tena, kwa nini tumwulize yeye peke yake? Yuko mzee mwenye binti, apokeaye ng'ombe wa mahari kutoka kwa kijana asiye na shamba wala kazi, wala haulizi wametoka wapi. Huyo twampa kiti cha mbele arusini, na padre humshika mkono. Kabla hatujamwendea mama juu ya bunduki, mzee huyo na aulizwe juu ya chapa za ng'ombe walio zizini mwake.