Daftari la Imani

Mwaka mzima nimeandika habari za imani yangu, kila Jumapili usiku. Juzi nimelisoma daftari lote. Jamani, huyu mtu ni nani? Hana shaka hata siku moja! Wiki tuliyomzika mama nilijaza kurasa tatu za shukrani, na kusema kweli wiki ile sikusali kabisa. Sasa nilimwandikia nani? Mungu alikuwa anajua. Basi nilikuandikia wewe, msomaji, kabla hata hujaniomba.

Augustino, askofu wa Hippo, aliandika Maungamo kati ya mwaka 397 na 400 akisema na Mungu, huku akijua watu watasoma. Lakini aliweka mpaka mapeasi aliyoiba akiwa na miaka 16, tena bila njaa.

Jana nimerudi kwenye ukurasa wa msiba, nikaandika pembeni: hapa sikusali. Mkono ukatetemeka. Eti naogopa nani?