Wafalme Wawili Wagonjwa
JUMATANO

Soma 2 Wafalme 1:2–4 na 2 Wafalme 20:1–7. Kila mfalme alitafuta msaada wapi alipokuwa kitandani?

Chukua mfano wa mama mkulima wa Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Yuko shambani anachuma machungwa, nyuki wanamvamia, mkono unavimba. Jirani anamletea jani la mshubiri. Mwingine anamnong'oneza: "Nyuki hawa wametumwa. Nenda kwa mganga ukamjue aliyewatuma." Kwa kuogopa dhambi, mama anakataa vyote viwili, maana mganga naye hutumia mshubiri. Je, amefanya vema?

Ahazia hakutafuta dawa. Alituma wajumbe kwa Baal-zebubu, ambaye jina lake humaanisha "bwana wa nzi", ili ajue kama atapona. Hezekia alimlilia Bwana, akaongezewa miaka 15. Lakini hata baada ya ahadi hiyo, Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Tini hazikuipunguza ahadi. Mungu alizitumia kuitimiza.

Mshubiri, basi, si mali ya mganga. Aliyeuotesha ni yeye aliyeumba mkwinini, mti uliopandwa Amani katika milima hiyo hiyo wakati wa Wajerumani. Magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria iletwayo na mbu. Ellen G. White naye aliandika kwamba mama yake alimweleza faida ya kubandika mkaa uliosagwa mahali palipoumwa na wadudu wenye sumu.

Kinachokatazwa ni uaguzi (Kumbukumbu la Torati 18:10–12). Kumtafuta "aliyetuma nyuki" hakutoi sumu mkononi. Huongeza sumu nyingine moyoni, yaani chuki dhidi ya jirani.

Hata hivyo, jani lina mpaka wake. Mwiba utolewe mara moja, na mahali pale paoshwe kwa maji na sabuni. Pumzi ikibana, au midomo na ulimi vikivimba, mgonjwa akimbizwe hospitali. Kukaa nyumbani kungojea jani wakati huo si imani. Luka, mwandani wa Paulo, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Mama yule alifanya vema kumkataa mganga. Jani angeweza kulipokea kwa shukrani.

Tafakari: Je, yuko jirani ambaye umewahi kumshuku kwa sababu ya ugonjwa au ajali nyumbani mwako? Utafanya nini kabla ya Sabato ili kupatana naye?