Mtoto Akiuliza, Mwonyesheni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kutazamia na nyoyo za kufahamia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo nalijua kwa kosa langu mwenyewe kabla sijalijua kwa kitabu.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, na hazikurudi zote mpaka Januari 2021. Kwa muda huo kila nyumba ikageuka chuo, na kila mzazi akawa mwalimu, apende asipende. Wako na wazazi wengine ambao wamekata shauri kuwasomesha watoto wao nyumbani moja kwa moja. Maneno haya nawaambia hao na sisi wengine pia, kwani hapana mtoto asiyesomea nyumbani, hata awe na shule nzuri namna gani.

Katika siku hizo mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alisimama nami darini baada ya sala ya alasiri. Kutoka darini petu bahari huonekana. Akaniuliza, "Baba, Ijumaa iliyopita wakati huu huu maji yalikuwa yamejaa. Mbona leo yamepwa?" Nikamjibu, "Ni kudura ya Mwenyezi Mungu, mwanangu." Akanyamaza.

Ndugu zangu, neno nililolisema ni kweli tupu, na hapana Muislamu atakayelikanusha. Lakini sikulisema kwa ajili ya kumtukuza Mola. Nililisema kwa kuwa sikujua jawabu, na nilitaka mtoto asijue kuwa sijui. Nililishika jina tukufu nikalifanya pazia la ujinga wangu. Usiku ule sikulala vizuri, kwani niliona kwamba nimemfundisha mwanangu mambo mawili mabaya: kwamba kuuliza ni kosa, na kwamba jina la Mwenyezi Mungu hutajwa pale ambapo elimu imekwisha.

Basi na tutazame Mwenyezi Mungu mwenyewe jinsi alivyowafundisha waja wake. Katika Suratul Baqara, aya ya 260, twaelezwa khabari ya Nabii Ibrahim, rafiki yake Mola, alipoomba aonyeshwe namna wafu wanavyohuishwa. Aliulizwa kama hakuamini. Akajibu kuwa ameamini, ila ataka moyo wake utulie. Je, alikaripiwa? La. Aliamrishwa ashike ndege wanne kwa mikono yake, awaweke mafungu juu ya vilima, kisha awaite, naye aone. Na katika Suratul Maida, aya ya 31, mwana wa Adam aliyemuua nduguye hakujua la kufanya na maiti. Mwalimu wake akawa ni kunguru, aliyefukua ardhi mbele ya macho yake. Nabii alifundishwa kwa kuona na kutenda, na mwenye dhambi alifundishwa kwa kumtazama mnyama. Basi sisi ni nani hata tumfundishe mtoto kwa kukariri peke yake?

Tena Imam Muslim amepokea kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa Madina wakipandikiza mitende, yaani wakitia ya dume katika ya jike, akasema kwamba hadhani kuwa jambo hilo litafaa kitu. Wakaliacha, na matunda yakapunguka. Alipoambiwa, aliwafahamisha kuwa katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Tazameni insafu hiyo! Kiumbe bora kuliko wote hakuona haya kuwarejesha watu kwenye yale waliyoyajaribu kwa mikono yao. Nami niliona haya kumwambia mtoto wa miaka tisa kuwa sijui.

Asubuhi ya pili nilimwambia, "Mwanangu, jana sikujua. Twende tukaulize." Tukamwendea mzee mmoja mvuvi, jirani yetu. Nilipomweleza suala la mtoto, yeye kwanza aliuliza, "Sheikh, leo mwezi ngapi?" Nilimtajia tarehe ya mwezi mwandamo bila ya kufikiri, kwani hiyo ndiyo kazi yangu. Ndipo akamwambia mtoto atwae daftari, aandike kila siku tarehe ya mwezi na saa ambayo maji hujaa, asiulize tena mpaka zipite siku kumi na tano.

Mtoto akaandika. Akaona kwamba kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kwamba kila siku hukawia kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Akahesabu mwenyewe: siku saba kwa dakika 50 hupata karibu saa sita. Basi saa yalipokuwa yamejaa Ijumaa ile, Ijumaa ya pili hapana budi yawe yamepwa. Akaona tena kwamba bamvua huja mara baada ya mwezi kuandama na mara baada ya mwezi kuwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Nikamsomea kwamba ni mwezi na jua vinavyoivuta bahari. Vikiwa katika mstari mmoja na ardhi nguvu zake hushirikiana, na vikisimama pembeni hupunguzana. Alipokwisha kufahamu, alisema yeye mwenyewe, "Subhanallah." Neno lile lilitoka katika moyo uliokwisha kuona, na lilikuwa zito kuliko lile langu la darini.

Kisha ikafika zamu yangu kujifunza. Tangu udogo nimehifadhi katika vitabu vya fiqhi kwamba wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kimo chake, ukikitoa kile kivuli kilichokuwako jua lilipokuwa katikati. Nimeusomesha mlango huo miaka mingi. Lakini, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikuwahi hata siku moja kusimamisha kijiti nikapima! Natazama kalenda ya ukutani, basi.

Tukatwaa kijiti cha shubiri mbili, tukakisimamisha uani kwa timazi ya uzi na jiwe, tukachora duara kukizunguka. Asubuhi mtoto akatia alama pale ncha ya kivuli ilipoingia ndani ya duara, na baada ya adhuhuri akatia alama pale ilipotoka. Tukaunganisha alama mbili kwa mstari, na kutoka kwenye kijiti tukapiga mstari mwingine unaoukata ule katikati. Mstari huu wa pili ndio wa kaskazini na kusini. Wanazuoni wetu wa falaki waliijua njia hii kwa karne nyingi, nao wakiiita duara la Kihindi, kwani hawakuona aibu kuitaja asili yake.

Hapo yalitudhihirikia mambo matatu. La kwanza, kwamba jua la Mombasa halifiki katikati saa sita kamili, bali baina ya dakika 5 na dakika 35 baadaye, kwa kufuata miezi. Kwani saa ya Kenya imewekwa kwa nyuzi 45 za mashariki, na mji wetu uko karibu na nyuzi 40. La pili, kwamba kivuli cha adhuhuri mwezi wa Juni huangukia kusini, nacho ni kama nusu ya kijiti. Mwezi wa Disemba huangukia kaskazini, nacho ni kama thuluthi. Na karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba hutoweka kabisa, kwani jua liko juu ya utosi wetu.

La tatu ndilo lililonitoa machozi. Makka na Mombasa ziko takriban katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, tofauti yake haifiki hata nusu ya digrii. Basi kivuli kifupi cha adhuhuri, katika ua wa nyumba ya maskini yeyote wa Mombasa, hulala juu ya mstari wa Qibla. Ndugu zetu wa Lamu wao hupinda kidogo tu mkono wa kushoto wa kaskazini. Nimesalisha watu miaka yote hiyo, na kijiti cha mtoto ndicho kilichonionyesha ninakoelekea.

Ndugu wasomaji, huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya Wazungu." Mwambieni kwamba Ibnul Haytham, aliyezaliwa Basra kama mwaka 965, alichunguza mwendo wa nuru katika chumba cha giza chenye tundu dogo, na hakuchelea kuandika kitabu cha kumpinga Ptolemy, mkubwa wa wanafalaki wa zamani. Fungeni madirisha ya chumba mchana wa jua kali, acheni tundu moja dogo katika ubao, na mtaona njia ya nje imechorwa ukutani juu chini, watu wakitembea vichwa vikiwa chini. Watoto watacheka, kisha watauliza kwa nini. Hicho kicheko ndicho mlango wa elimu.

Na mwingine atasema, "Sina fedha za vyombo." Hapana chombo kinachotakikana. Kina mama, jikoni mwenu mna madarasa mengi. Doa la manjano likipakwa sabuni hugeuka jekundu, na likitiwa ndimu hurejea rangi yake. Mwacheni mtoto ajaribu na siki, na majivu, na magadi, aandike aliyoyaona. Tieni kunde katika pamba yenye maji ndani ya gilasi. Baada ya siku chache mzizi utashuka na kichipukizi kitapanda. Kisha ilazeni gilasi ubavu, na mtaona mzizi wapinda kutafuta chini tena. Hapo ndipo umsomee mtoto Suratul An'am, aya ya 95, inayotaja kupasuliwa kwa mbegu na kokwa. Ataisikia kwa sikio jingine. Anikeni maji ya bahari juani katika sinia. Lita moja itawaachia chumvi ya kiasi cha gramu 35, na mtoto atafahamu wafanyayo watu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni.

Na maji yakipwa, nendeni penye mikoko. Mwambieni mtoto alambe jani la mchu aonje chumvi ambayo mti huu umeitoa mwilini mwake. Mwonyesheni tunda la mkoko jinsi lilivyochipuza lingali juu ya mti, refu kama mkuki. Mti huu hauiachi mbegu yake tupu katika maji ya chumvi, bali huulea mche wake mpaka uwe tayari, kisha huuangusha.

Nakuusieni mambo manne. Kwanza, wasichana na wavulana wawe sawa katika haya, kwani msichana wa leo ndiye mwalimu wa kwanza wa nyumba ya kesho. Pili, mtoto asiachwe pwani peke yake, wala asilitazame jua kwa macho matupu. Tatu, kiumbe chochote asikitese: akimshika kaa amtazame, kisha amrejeshe tunduni mwake, mnaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nne, mzazi asiyejua aseme "sijui", kisha aondoke na mtoto wakatafute. Neno "sijui" halimpunguzii baba heshima. Linalompunguzia ni jawabu la uongo, ambalo mtoto atakuja kulitambua siku moja, na siku hiyo huenda akayatilia shaka hata yale ya kweli tuliyomwambia. Hiyo ndiyo khasara ninayoiogopa. Vijana wetu wengi hawakuiacha dini kwa kuwa wamejua mno. Wameiacha kwa kuwa walipouliza walinyamazishwa, na walionyamazisha tulikuwa sisi.

Na mtu asiogope kwamba kujua sababu kutaondoa ibada. Mwanawe Bwana Mtume alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Naye, juu ya msiba wake, akawakataza itikadi hiyo. Akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Na akawaamrisha kusali. Aliiondoa dhana mbovu, na sala akaithibitisha. Basi nasi na tufuate njia hiyo.

Ijumaa hii, ndugu zangu, kabla hamjatoka kwenda msikitini, simamisheni kijiti uani pamoja na watoto wenu. Kisha waacheni waulize.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atusamehe kwa kila suala tulilolizima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.